Kuhesabu Gharama za Mnara: Je, Kijana Wetu Aende Chuo Kikuu Kigumu?



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, furaha na hofu huingia kwa pamoja katika nyumba nyingi za Kibondo na Kasulu. Kijana amefaulu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hufungua dirisha la udahili, kijana huomba nafasi katika vyuo kadhaa, na baada ya majuma machache majibu huja. Anayechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu, kwa namba maalumu anayotumiwa, ndani ya siku chache zilizopangwa. Ndipo swali linapobisha hodi katika ofisi za parokia: “Baba Padre, huku nimepata Muhimbili, kule nimepata chuo kingine wanachosema ni chepesi zaidi. Wazazi wanavutana. Nifanyeje?”

Swali hili si dogo. Ndani yake mna miaka mitatu, minne au mitano ya ujana wa mtu, mna mbuzi na pengine kipande cha shamba cha familia, mna deni litakalofuata baadaye, na zaidi ya yote mna karama ambayo Mungu amempa kijana huyo kwa ajili ya wengine. Kwa sababu hiyo tumeona vema, ndugu wasomaji, tulieleze kwa utulivu kabla dirisha halijafungwa, ili familia zetu zisiamue kwa kelele za jirani au kwa woga.

Neno tunalotaka kulisema ni hili: ugumu wa chuo, peke yake, si sababu ya kukikimbia, na wala si sababu ya kukikimbilia. Kinachopaswa kupimwa ni kama mzigo ule unabebeka, unabebwa na nani, na unabebwa kwa ajili ya nani.

Ugumu huo ni nini hasa?

Watu wengi husema “chuo kigumu” bila kueleza maana yake. Tuanze na hesabu. Kwa utaratibu unaosimamiwa na TCU, krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mihadhara, semina, maabara, kujisomea, kazi za nyumbani na mitihani kwa pamoja. Shahada ya kwanza ya miaka 3 huhitaji krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka. Hizo ni saa 1,200. Tukizigawa kwa majuma 30 ya masomo, tunapata saa 40 kwa juma, sawa na kazi kamili ya mwajiriwa. Lakini mihadhara huchukua sehemu tu ya saa hizo. Zilizobaki hakuna mwalimu wa zamu anayezisimamia, hakuna kengele, hakuna anayeuliza kwa nini hukuonekana. Kijana aliyetoka shule ya bweni iliyompangia kila dakika huupata huo uhuru siku moja, na wengi hushindwa hapo kabla ya kushindwa katika mtihani wowote.

Hesabu hiyo ni ile ile katika vyuo vyote vinavyotambuliwa nchini. Tofauti inatoka wapi basi? Kwanza, katika ushindani wa kuingia: ukienda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, utakaa darasani na watu ambao kila mmoja wao alikuwa wa kwanza au wa pili shuleni kwake. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, katika kozi yenyewe. Udaktari wa binadamu huchukua miaka 5, na baada yake mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Uhandisi huchukua miaka 4 ya hisabati isiyopumzika. Kozi hizo ni ngumu Dar es Salaam, ni ngumu pia katika Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi Bugando kule Mwanza. Anayedhani kwamba atapata udaktari mwepesi kwa kubadili mji anajidanganya. Kwa hiyo ushauri wa kwanza tunaoutoa ni kupanga maswali kwa mpangilio wake: kozi kwanza, chuo baadaye, mji mwishoni kabisa. Familia nyingi hufanya kinyume chake.

Matokeo hupimwa kwa wastani uitwao GPA, wenye kilele cha 5.0. Daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu huanzia 3.5, la pili la chini 2.7, na ufaulu wa kawaida 2.0. Anayeanguka somo hurudia mtihani wake, ndiyo ile ambayo wanafunzi huiita “sapu”. Anayeshuka chini ya kiwango kinachoruhusiwa huondolewa masomoni, nao huita “kudisko”. Ni vema mzazi ayajue maneno haya kabla hayajamfikia kwa simu usiku. Sapu moja si msiba. Kijana aliyeongoza wilaya akiwa kidato cha sita anaweza kupata sapu katika muhula wa kwanza, naye akamaliza vizuri. Mzazi asiyejua hilo hupiga kelele, na kijana hujifunza kuficha.

Kanisa linasema nini?

Mama Kanisa hajawahi kuogopa masomo magumu. Vyuo vikuu vya kale vya Ulaya vilikua katika kivuli chake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, ulihimiza kwamba vijana wenye uwezo, hata wale wasio na mali, wafunguliwe njia ya elimu ya juu. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Katiba ya Kitume juu ya vyuo vikuu Katoliki ya mwaka 1990, alifundisha kwamba kuutafuta ukweli kwa bidii ni sehemu ya utume wenyewe. Mwinjili Mathayo anatueleza mfano wa talanta, na yule anayelaumiwa humo si aliyefanya biashara akapata hasara, bali ni aliyeogopa akafukia. Kijana mwenye kipaji cha fizikia anayekimbilia kozi asiyoipenda kwa kuwa tu inasemekana haina sapu, anapaswa kuusoma mfano huo polepole.

Hata hivyo, Bwana wetu huyo huyo, katika Injili ya Luka sura ya 14, anasimulia juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Mwenye busara huketi kwanza, akahesabu gharama, akajua kama anacho cha kumalizia. Asiyehesabu huweka msingi, kisha hubaki kichekesho cha wapita njia. Mifano hii miwili haipingani. Wa kwanza unatukataza kufukia karama. Wa pili unatukataza kujenga bila hesabu. Kijana wa Kibondo anahitaji yote miwili juma hilo hilo moja.

Jambo la kwanza la kuhesabu: msingi

Mtakatifu Inyasi wa Loyola ni mwalimu mzuri hapa, kwa kuwa yeye mwenyewe alipita njia hii akiwa mtu mzima. Alikuwa askari. Mwaka 1521 alijeruhiwa vibaya mguu katika vita vya Pamplona, na baada ya wongofu wake akatambua kwamba bila elimu hataweza kuzisaidia roho za watu. Mwaka 1524, akiwa na umri wa miaka 33 hivi, aliketi Barcelona pamoja na watoto kujifunza Kilatini. Baadaye akaenda Alcalá, akarundika masomo mengi kwa haraka: mantiki, fizikia, teolojia. Hayakushika. Alipofika Paris mwezi Februari 1528, katika chuo kikuu kilichokuwa kikiongoza Ulaya, alikubali ukweli mchungu kwamba msingi wake ulikuwa dhaifu, akarudi kujifunza sarufi ya Kilatini pamoja na wavulana wadogo. Hatimaye alipata shahada yake ya uzamili. Alikaa Paris miaka saba.

Somo lake kwetu ni kwamba msingi dhaifu hauzuii chuo kigumu, mradi mwenyewe aukubali na awe tayari kuutengeneza. Kijana wetu ajiulize bila kujidanganya: ufaulu wangu ulitokana na kuelewa, au na kukariri mitihani iliyopita? Je, naweza kufuata mhadhara wa saa mbili kwa Kiingereza na kuandika maelezo yangu mwenyewe? Nyumbani tunazungumza Kiha, sokoni Kiswahili, na Kiingereza tulikiona ubaoni. Hilo si aibu, lakini ni gharama ya kuingiza katika hesabu. Miezi iliyo kati ya mtihani wa mwezi Mei na kufunguliwa kwa vyuo ni mirefu. Anayeitumia kusoma vitabu vya Kiingereza na kurudia hisabati ya msingi ameanza kujenga kabla ya wenzake kufika.

Tena, Inyasi hakujitosheleza. Alipohamia Chuo cha Sainte-Barbe alipanga chumba pamoja na Petro Favre, kijana mdogo kwake kwa umri lakini hodari wa falsafa, aliyemsaidia katika masomo. Chumbani humo alikuwamo pia Fransisko Ksaveri. Huko vyuoni, wanaomaliza mara nyingi ndio wanaoketi pamoja na kusoma pamoja. Kijana mwenye kiburi cha “mimi nilikuwa wa kwanza” hupata taabu zaidi kuliko mwenye alama za kawaida anayejua kuuliza.

Jambo la pili: fedha na nguvu za mwili

Mtakatifu Inyasi anatufundisha pia habari ya fedha. Alipofika Paris, fedha zake alimwekeza mwenzake wa nyumbani, na yule akazitumia zote. Ikambidi ahamie katika hosteli ya maskini iliyokuwa mbali na chuo. Milango yake ilifunguliwa kulipopambazuka na kufungwa jioni, hivyo akakosa sehemu ya mafundisho kila siku. Akiombaomba chakula, masomo yalidorora. Suluhisho lake lilikuwa la busara: alianza kusafiri mara moja kwa mwaka hadi Flanders, kwa wafanyabiashara Wahispania, akakusanya msaada wa kutosha mwaka mzima, kisha akarudi kusoma kwa utulivu. Hata mtakatifu hakuweza kusoma vizuri huku akitafuta mlo wa kila siku.

Tuilete hesabu hiyo nyumbani. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Kwa familia ya mkulima wa Kasulu au Kibondo, huo ndio wakati mvua zinaanza, na kila shilingi inatafutwa na mbegu na mbolea. Mavuno yaliyopita yamekwisha kuuzwa. Kwa hiyo fedha ya kuanzia chuo lazima itengwe wakati wa mavuno, kabla hata ya matokeo kutoka, kama tunavyotenga mbegu. Na gharama ya kuanzia si ada tu: kuna nauli ya safari ndefu hadi Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma au Mwanza, kuna ada ya usajili, bima ya afya, godoro, vitabu, na chakula cha majuma ya kwanza kabla fedha za mkopo hazijaingia.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ni msaada mkubwa kwa watoto wa wakulima, na hatuna budi kuielewa. Kwanza, huo ni mkopo. Hurejeshwa baada ya kumaliza masomo, na kwa mwajiriwa makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Pili, hutolewa kwa kadiri ya uhitaji: mmoja hupata ada yote, mwingine sehemu tu, na mwingine hakosi jina katika orodha ya chuo lakini hukosa katika orodha ya mkopo. Fedha ya chakula na malazi, ile wanayoiita “bumu”, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa mwanafunzi anayepanga chumba mbali na chuo na kupanda daladala mara mbili au zaidi kwa siku, fedha hiyo haina ziada ya kutuma nyumbani. Tunawasihi wazazi: msimgeuze mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuwa tegemeo la familia. Ile bumu ndiyo nguvu ya kichwa chake.

Tatu, maombi ya mkopo hudai vyeti. Cheti cha kuzaliwa, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi, vyote huhakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Katika vigango vyetu vya mbali, mtoto anaweza kufika kidato cha sita akiwa na cheti cha ubatizo lakini hana cheti cha kuzaliwa cha serikali. Akianza kukitafuta Julai, amechelewa. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wangefanya tendo kubwa la huruma iwapo wangeuliza, katika kila nyumba yenye mtoto wa sekondari, kama cheti kipo. Kwa wanaofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi, ipo pia Samia Skolashipu, iliyoanzishwa mwaka 2022, ambayo si mkopo.

Je, familia iuze shamba? Hatuwezi kutoa jibu moja kwa wote, lakini tunatoa kanuni. Shamba linalolisha wadogo zake si mali ya mtoto mmoja. Familia ikiuza ardhi kwa ajili ya chuo, kijana huondoka akiwa amebeba njaa ya ndugu zake mgongoni, na mzigo huo humfanya asithubutu kusema anapozidiwa. Afadhali kuuza kinachozaliana na kuota tena, kama mbuzi na mazao, kuomba mchango wa ukoo na wa jumuiya, au kungoja mwaka mmoja.

Kungoja si kushindwa

Mtakatifu Augustino alizaliwa Thagaste, mji mdogo wa Afrika ya Kaskazini ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Alipokuwa na miaka 16 ilimbidi aache masomo ya Madaura na kurudi nyumbani, kwa kuwa baba yake hakuwa bado na fedha za kumpeleka Karthago. Alikaa mwaka mzima, na yeye mwenyewe anakiri katika Maungamo yake kwamba uvivu wa mwaka ule ulimzalia dhambi nyingi. Baadaye alikwenda Karthago, na tajiri wa mji wao aitwaye Romaniano alimsaidia. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania kilichoko Mwanza kinabeba jina la kijana huyo aliyekwama kwa kukosa ada.

Tunajifunza mawili. Kungoja mwaka mmoja si mwisho wa safari. Kinachoharibu ni kungoja bila kazi. Kijana aliyekosa mkopo mwaka huu afundishe masomo ya jioni parokiani, alime, ajifunze kompyuta, akusanye vyeti, aombe tena. La pili ni kwamba katika kila mji mdogo Mungu huweka Romaniano wake. Wafanyabiashara wa Kasulu na Kibondo wenye uwezo watafakari juu ya hilo.

Jambo la tatu: kwa ajili ya nani?

Papa Fransisko, katika Wosia wake wa Kitume kwa vijana wa mwaka 2019, “Kristo anaishi”, aliwaalika vijana wasiishie kujiuliza wao ni nani, bali waulize wao ni kwa ajili ya nani. Swali hili ndilo linalotenganisha bidii na majivuno. Ukienda Mlimani ili jina lako litajwe kwenye harusi, sapu ya kwanza itakuvunja, kwa kuwa itakuwa imegusa kitu pekee ulichokifuata. Ukienda kwa kuwa umewahi kuona mama akibebwa kwa pikipiki usiku kwenda kujifungua, na ukatamani kuwa pale na ujuzi, utaanguka, utalia, na utaamka kusoma.

Swali hilo hilo linatufungua macho kuona njia nyingine. Kuna kijana ambaye wito wake ni uuguzi, naye anaweza kuanzia hapa hapa, ambapo Hospitali ya Kabanga imewahudumia watu wa Kasulu kwa miaka mingi. Kuna ambaye wito wake ni ualimu, na Kasulu ina vyuo vya ualimu. Kuna ambaye stashahada yenye ufaulu mzuri itampeleka baadaye katika shahada, akiwa amekomaa na ana mshahara. Njia hizi si makombo ya walioshindwa. Mwenye wito wa uuguzi akisukumwa na ukoo kwenda kozi ya miaka mitano asiyoipenda, karama imefukiwa vile vile, ingawa shimo lenyewe limenakshiwa.

Hapa tuseme wazi pia kuhusu mabinti. Mara nyingi kijana wa kiume akichaguliwa mbali huulizwa, “Utahitaji nini?” Binti akichaguliwa pale pale huulizwa, “Utaweza kweli?” Akiwa na ufaulu sawa na kaka yake, hesabu ya mnara iwe moja. Kumwelekeza binti kwenye kozi nyepesi kwa hofu ya kwamba ataolewa amechelewa ni kuichukua talanta yake na kuifukia kwa mikono yetu wenyewe.

Namna ya kuamua

Katika Mazoezi ya Kiroho, Mtakatifu Inyasi anatupa njia za upambanuzi zinazofaa sana hapa. Ya kwanza: andika faida na hasara za kila upande, kisha uzipime kwa akili na sala, bila kumsikiliza anayepaza sauti kuliko wengine. Ya pili: fikiria kwamba mtu usiyemjua, mwenye alama kama zako, familia kama yako na afya kama yako, amekuja kukuomba ushauri. Ungemwambia nini? Ufuate ushauri huo mwenyewe. Ya tatu: jifikirie siku ya kufa kwako, uulize ni uamuzi gani ungependa uwe umeufanya. Katika haya yote tafuta watu watatu wa kuongea nao: mwalimu anayejua uwezo wako, mwanafunzi anayesoma kozi hiyo sasa, na padre au mlezi anayekujua moyoni. Kwa kuwa siku za kuthibitisha ni chache, mazungumzo hayo yafanyike kabla ya matokeo. Haraka haraka haina baraka.

Inyasi anatoa kanuni nyingine, nayo ni ya baada ya kufika chuoni: wakati wa ukavu wa roho na huzuni, usibadili uamuzi uliofanywa wakati wa amani. Muhula wa kwanza, majaribio yanaporudishwa na alama ziko chini, na sauti za nyumbani ziko mbali, kishawishi cha kufunga begi huwa kikubwa. Usiamue juma hilo. Maliza muhula, ongea na mshauri wa wanafunzi, nenda kwenye adhimisho la Misa pamoja na wenzako wa TMCS, lala usingizi wa kutosha. Baada ya hapo, kama kwa utulivu unaona njia si yako, taratibu za kuhama kozi au chuo, na za kuahirisha mwaka kwa sababu za msingi kama ugonjwa, zipo. Kuzitumia kwa wakati ni busara kuliko kungoja kuondolewa.

Na akianguka?

Mtakatifu John Henry Newman, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2019, alisoma Chuo cha Trinity huko Oxford. Mwaka 1820 aliingia katika mitihani ya mwisho akiwa amejichosha kwa kusoma kupita kiasi, akavurugika, akapata daraja la chini kabisa miongoni mwa waliotajwa kwa heshima. Wote walikuwa wamemtarajia awe wa kwanza. Hakutoroka. Mwaka 1822 alishinda nafasi ya ualimu katika Chuo cha Oriel, na baadaye, akiwa Mkatoliki, alianzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Ireland mjini Dublin. Kijana wa Kibondo asifundishwe kwamba saa za kukesha ndizo zinazohesabiwa. Kichwa nacho ni sehemu ya mwili, nacho huchoka.

Jambo la mwisho linawahusu wanaobaki nyumbani. Kijana anaposafiri tunamfanyia sala na kumchangia nauli, na ni vema. Lakini ikitokea amerudi kabla ya wakati, parokia yake ndiyo itakayoamua kama atasimama tena. Akipokelewa kwa vicheko, kama yule mwenye mnara usiokamilika, atajificha, na wadogo zake watajifunza kwamba ni salama zaidi kutokujaribu kabisa. Akipokelewa kama mwana, mwakani ataomba tena, au atachukua njia nyingine na kufika. Hii nayo ni gharama ya mnara, na inalipwa na sisi sote.

Basi, kijana mpendwa, keti uhesabu. Ukiona msingi unatengenezeka, fedha za kuanzia zimetengwa, wa kusoma nao watapatikana, na unawajua unaokwenda kwa ajili yao, thibitisha nafasi yako wala usiogope jina la chuo. Ukiona hesabu haitimii mwaka huu, usione aibu kuchagua njia ya karibu au kungoja huku ukifanya kazi. Nanyi wazazi, mkihesabu pamoja naye, mwachieni yeye neno la mwisho, kwa kuwa ndiye atakayeubeba mzigo huo asubuhi ya kila siku.

Bikira Maria, Kikao cha Hekima, awaombee wanafunzi wetu wote wa Kibondo na Kasulu. Amina.